Mashamba au kichaka? Uchambuzi wa kisa cha jina la Uwanda wa Makonde

Kisa hiki kilianza na ubao. Kikundi cha vijana wa Newala wanaowatembeza wageni pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, kilichanga fedha, kikapata mbao na fundi wa kuchonga herufi, likabaki jambo moja tu: maneno ya kuandika. Mmoja wao, niliyemfundisha jiografia kidato cha pili, aliniletea karatasi yenye mistari minne. Mstari wa kwanza ulisema: “Jina Makonde linatokana na neno la Kiswahili konde, yaani shamba. Makonde ni nchi ya mashamba.”

“Mwalimu, nikagulie tu kama kuna kosa la herufi. Fundi anasubiri.”

Kosa la herufi halikuwapo. Hata hivyo sentensi ile ilinikaa vibaya, nami sikuweza kusema mara moja kwa nini. Nikamwambia, kabla fundi hajashika patasi, twende kwa bibi yake mzaa mama, ambaye amevuka miaka themanini na hajawahi kuishi nje ya uwanda huu. Tukamkuta barazani anabangua korosho za kula nyumbani. Tulimwamkia, akatukaribisha mkekani, mjukuu akamsomea karatasi. Akataka asomewe tena.

“Mashamba yapi hayo, mjukuu wangu? Wazee wetu walikuta mwitu. Ukiingia humo, jua halikuoni.”

“Lakini bibi, konde si shamba?”

“Konde ni shamba. Makonde si mashamba.”

Kijana alinitazama niamue. Sikuamua. Niliomba fundi apewe kazi nyingine kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili ndizo zilizozaa andiko hili. Wako watakaosema ni sentensi moja tu, mgeni ataisoma, atapiga picha na kwenda zake. Mimi naona vingine. Ubao ukikaa miaka kumi pale ukingoni, watoto wa shule wataunukuu kwenye mitihani, na watakachonukuu kitakuwa ndicho kilichotokea.

Tuanze na ardhi, maana jina la mahali halielezeki mpaka mahali penyewe pajulikane.

Mtu akitoka Mtwara mjini kuja Newala haoni mlima wa kupanda. Barabara inainuka kidogo kidogo, inapita Nanyamba na Tandahimba, mikorosho huku na huku, na abiria anaweza kusinzia njia nzima asijue kwamba anapanda. Upande wa magharibi, Newala ilipo, ardhi inakaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari. Halafu nchi inakatika. Pale Shimo la Mungu unasimama ukingoni na chini yako pana mteremko mkali wenye miti, unaoshuka mamia ya mita hadi kwenye bonde la Ruvuma, na siku anga likiwa safi unaiona Msumbiji ng'ambo. Anayekuja kutoka Masasi anaona sura nyingine kabisa: mbele yake umesimama ukuta wa kijani, naye angeapa kwamba huo ni mlima. Kwa hiyo swali la wageni, kama Makonde ni mlima au ni uwanda, jibu lake linategemea umetokea upande gani. Ni kama meza iliyoinuliwa miguu ya magharibi ikaachwa iinamie baharini.

Kusini uwanda unapakana na Ruvuma. Kaskazini kuna bonde la mto Lukuledi, unaomwaga maji yake baharini pale Lindi, na ng'ambo ya bonde hilo ardhi inainuka tena kuwa miinuko ya Rondo na Umwera. Ng'ambo ya Ruvuma upo uwanda ndugu, wa Mueda, nao unakaliwa na Wamakonde, nao hauna mito juu yake. Mwanafunzi yeyote akiziona sehemu hizi kwenye ramani ya miinuko anaelewa haraka kwamba mito ndiyo iliyoikata nchi vipande na kuacha vilele bapa.

Chini ya miguu yetu ni mchanga. Juu ni udongo mwekundu wa kichanga, wenye kina kirefu, na chini yake miamba ya mchanga ya enzi ya Kretasia, ambayo wanajiolojia wameipa jina hilihili la Makonde. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na si haba, kwa kawaida karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Ila haikai. Inazama mchangani kama maji yaliyomwagwa kwenye jivu, inashuka ndani kwa ndani hadi ikutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha inatokea pembeni kama chemchemi, chini kabisa ya mteremko. Ndiyo maana juu hakuna kijito, hakuna bwawa, na ndiyo maana bibi yule alipokuwa msichana aliondoka na mtungi jogoo wa kwanza na kurudi jua likiwa limeshapanda. Alituonyesha kwa mkono alikopita: kushuka mikono ikishika mizizi, kupanda mtungi ukiwa kichwani. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia, ya kumwogesha mtoto. Mabomba ya mradi wa maji wa Makonde yalianza kuleta nafuu miaka ya 1950, wakaja Wafini miaka ya 1970 na 1980, na mpaka leo maji yanasukumwa kwa mashine kutoka visima vya Mitema, kwenye bonde la Kitangari, kupandishwa juu. Ukipita Newala au Tandahimba utaona nyumba nyingi za bati zina kisima cha chini ya ardhi cha kukinga maji ya mvua. Ni kisima cha kuwekea, si cha kuchota chini. Huwezi kuchimba kwa jembe ukayafikia maji ya uwanda huu.

Lakini juu ya mchanga huo usio na maji ya kuonekana kuliota kitu kigumu. Mizizi mirefu inafuata unyevu chini, na upepo wa bahari unaleta ukungu asubuhi. Kilichoota si msitu mrefu wa kutembea chini yake kama kanisani. Ni mwitu wa miti mifupi kwa mirefu, mashina membamba yaliyosongamana, matawi yaliyofungwa na mitambaa, kiasi kwamba mtu mzima hapiti bila panga. Masalia yake yapo kwenye misitu ya hifadhi ya mteremko, na sehemu ambazo jembe halikufika.

Hapo swali la kwanza linajitokeza lenyewe. Kwa nini watu wachague kuishi mahali ambapo maji yako saa nzima chini na panga halipiti, wakati bonde la Ruvuma lina maji, samaki na udongo mweusi?

Jibu lilishatolewa zamani, na limo ndani ya simulizi ya asili ya Wamakonde wenyewe. Simulizi hiyo iliandikwa enzi za Wajerumani, na Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aliyefika Newala na Mahuta mwaka 1906, alikuwa miongoni mwa walioichapisha. Inasema hivi. Upande wa Mahuta, unaoelekea Ruvuma, hapo kale hapakuwa na kitu isipokuwa kichaka kizito. Ndani ya kichaka alitoka mtu asiyewahi kuoga wala kunyoa, mwenye kula kidogo na kunywa kidogo. Akaenda nchi ya wazi, akakata mti, akachonga sanamu ya mtu, akaibeba mpaka kwake kichakani na kuisimamisha. Usiku sanamu ikapata uhai ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili Ruvuma kuoga, mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakavuka juu hadi bonde la mto Mbwemkuru, kaskazini, akajifungua tena mtoto mfu. Wakarudi juu kichakani, Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Watoto wakawa wengi, wakajiita Wamatanda. Hao ndio shina la Wamakonde. Na baba yao akawaachia amri mbili: wafu wazikwe wakiwa wamesimama, kwa kumkumbuka mama aliyepata uhai akiwa amesimama, na nyumba zijengwe mbali na mito mikubwa, angalau mwendo wa saa moja kutoka penye maji, maana mabondeni kunakaa maradhi na kifo.

Nilimsomea bibi simulizi hii. Sehemu ya sanamu aliijua. Amri ya saa moja hakuwahi kuisikia kwa maneno hayo, lakini alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa umri wake.

Watu wengi wakiisoma huishia kwenye sanamu, wakaiunganisha na vinyago vya mpingo, wakaridhika. Haki yao, maana ni taifa la wachongaji. Mimi kilichonishika ni jiografia yake. Hesabu mara ambazo simulizi inashuka na kupanda: inaanza juu kichakani, inashuka Ruvuma, inavuka hadi Mbwemkuru, inarudi juu kichakani. Huo ni upana mzima wa nchi ya kusini, bonde hadi bonde, na katikati yake uwanda. Bondeni watoto wanakufa, juu wanaishi. Mtu aliyeishi penye mbu wa malaria anaelewa bila kuelezwa. Mchanga unaomeza maji hauachi dimbwi la mbu kutagia. Taabu ya mtungi na uhai wa mtoto vimetoka kwenye mchanga uleule. Hata ule mti wa sanamu, angalia, haukukatwa kichakani. Ulikatwa nchi ya wazi. Na kweli mpingo ni mti wa mapori ya chini yaliyo wazi zaidi, si wa mwitu wa juu. Waliosimulia walizijua nchi zao mbili.

Kifo cha bondeni hakikuwa cha homa peke yake. Njia za misafara ya watumwa na pembe kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani zilipenda mabonde, penye maji na chakula. Wavamizi nao walipita humohumo. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Wamagwangwara, waliivamia Masasi, ambako Askofu Edward Steere alikuwa amewaweka watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Misheni ikahamishiwa wapi? Newala, juu. Miaka michache baadaye Machemba, mtemi wa Kiyao aliyekuwa Luagala, juu ya uwanda huuhuu, aliwakatalia Wajerumani utii. Wakamwandama kwa miaka, na ilipofika 1899 akavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno. Kwa jeshi lenye bunduki, kichaka kisichoonyesha hatua tano mbele ni adui kamili. Kwa mwenye kukijua, ni boma lisilohitaji kujengwa.

Kwa hiyo kichaka kilikuwa ulinzi, mchanga ulikuwa dawa, na kiu ilikuwa bei. Ukiyaweka haya pamoja, “nchi ya mashamba” inaanza kulegea. Watu hawakupanda huku kwa sababu ya mashamba. Walilima kwa sababu walikuwa wameshapanda.

Sasa jina lenyewe.

Hoja ya kijana ni nyepesi kueleweka: kwenye Kiswahili konde ni shamba, wingi wake makonde, jambo limekwisha. Neno hilo ni halali kabisa na kila mwenye kamusi atalikuta. Tatizo ni kwamba linaeleza jina la watu wenye lugha yao kwa kutumia lugha ya majirani wa pwani. Majina mengi ya kusini yameharibiwa hivi, na kila mtu mwenye kamusi ya Kiswahili mkononi hujiona ameshapata ufunguo. Kufanana kwa sauti si ukoo.

Kuna maelezo ya pili, yanayosikika zaidi upande wa Msumbiji, kwamba jina linahusu ardhi yenye rutuba. Na lipo la tatu, lililoandikwa pamoja na simulizi ya Mahuta: kwamba Wamatanda waliitwa pia Wamakonde, kwa maana ya wenyeji wa asili wa nchi. Hapo hamna shamba. Kuna watu na mahali pao pa kwanza, na mahali pao pa kwanza simulizi imeshapataja: kichakani.

Nikatazama sarufi, maana sarufi haina upande. Chimakonde kina ngeli ya li- na ma-. Kila anayejua ngoma za huku anaifahamu bila kujua kwamba anaifahamu: barakoa moja ni lipiko, nyingi ni mapiko. Neno Makonde limevaa hiyo ma-. Hiyo ni sura ya vitu au mahali, si sura ya watu. Watu tunaongeza kiambishi kingine juu yake, tunasema Wamakonde, na wenyewe husema Vamakonde. Kiambishi juu ya kiambishi, kama Wamrima, ambao ni watu wa Mrima, pwani ya bara. Nchi ilipata jina kwanza, watu wakaitwa kwa jina la nchi.

Hoja hii ina tundu na ni lazima nilionyeshe. Wamakua nao wana ma- ndani ya jina lao, na hakuna uwanda wala mlima unaoitwa Makua ambao tunaweza kusema wameupatia jina. Kwa hiyo ma- peke yake si ushahidi wa kutosha. Inapata nguvu kwa sababu mahali papo, pana mipaka inayoonekana kwa macho, na simulizi ya wenyewe inaanza na mahali kabla ya kumzaa mtu. Vitu vitatu vikielekea upande mmoja, mimi naridhika kusema kwamba Makonde ni jina la nchi hii ya juu kwanza, na kabila limelivaa baadaye.

Hapo nilidhani nimemaliza, na kwamba bibi ameshinda. Nikarudi kwake kumpa habari njema. Hakuipokea kama nilivyotarajia.

“Mwalimu, mimi sikusema hakukuwa na mashamba. Mama yangu alilima wapi?”

Akaeleza, na maelezo yake ndiyo yaliyogeuza uchambuzi huu wote. Wakati wa utoto wake familia ilichagua kipande cha mwitu wakati wa kiangazi. Wanaume wakakata kwa shoka na panga, vikakauka, vikachomwa. Mvua za kwanza zikikuta jivu, wanawake wakapanda mtama, mihogo, kunde, njugumawe. Mwaka wa kwanza shamba lilikubali sana. Wa pili lilikubali. Baadaye mchanga unachoka, magugu yanazidi, wanaliacha. Hawakuliacha kama mtu anavyotupa kitu. Waliliacha lirudi. Machipukizi yanatoka kwenye visiki, mitambaa inafunga, na baada ya miaka kadhaa pamefungika kuliko mwanzo. Watoto wakikua, wanaweza kulikata tena palepale na kumwambia mgeni, hili lilikuwa la bibi.

Weule naye mwaka 1906 aliona hivyohivyo: sehemu kubwa ya kichaka kilichomchosha njiani haikuwa mwitu wa tangu kuumbwa. Kilikuwa kimeota juu ya mashamba ya kale, baada ya shoka la mkulima kuangusha miti mikubwa. Mgeni aliona pori. Mwenyeji aliona shamba lililolala.

Nikakaa na jambo hili usiku mzima. Kijana na bibi walikuwa wanagombania kipande kimoja cha ardhi katika miaka tofauti. Juu ya mchanga huu shamba na kichaka si mahali pawili. Ni umri wa mahali pamoja. Konde la mwaka huu ni kichaka cha kesho kutwa, na kichaka ni ghala la rutuba ya konde lijalo. Ukiandika “nchi ya mashamba” umesimamisha gurudumu upande mmoja. Na mimi, kwa furaha yangu ya sarufi, nilikuwa karibu kuandika “nchi ya vichaka” na kulisimamisha upande wa pili.

Ndipo nikaelewa pia kwa nini kijana alikosea, na kwamba kosa halikuwa uvivu wake. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika maisha yake yote hajawahi kuona shamba likiachwa lilale. Ameona mikorosho tu.

Mkorosho ulifika pwani hii na Wareno kutoka Brazili, karne ya 16, lakini kuenea kwake juu ya uwanda kama zao la biashara ni jambo la baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkorosho ukishashika haubanduki. Unadumu miongo, kivuli chake kinazuia machipukizi, na mwenye mti ndiye mwenye ardhi, mwaka hadi mwaka. Mzunguko ule wa kukata, kulima na kuacha ukakoma. Kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, sehemu kubwa ikitoka kusini huku. Gurudumu lilikuwa limepigiliwa msumari.

Kisha lilichomoka kidogo, na hapa bibi alikuwa na la kusema. Wakati wa Operesheni Vijiji watu walihamishwa kuishi pamoja, wakaacha mikorosho yao mbali. Ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua. Bei nazo hazikumpa mtu sababu ya kutembea umbali ule kupalilia. Miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalishuka hadi chini ya tani 20,000. “Na kichaka kikarudi,” alisema bibi. “Hakikuuliza mtu. Ukienda kutafuta mkorosho wako unausikia tu humo ndani, ndege wakila mabibo.” Baadaye ikaja salfa ya kupulizia, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wakafundisha namna ya kuifufua mikorosho, wakulima wakafyeka upya. Kijana alizaliwa kichaka kikiwa kimeshafyekwa.

Kwa uchambuzi wa kisa hiki hilo ndilo jibu la swali lililonileta: sentensi ya ubao ilinikaa vibaya kwa sababu inaisoma nchi ya kale kwa macho ya enzi ya korosho. Haikudanganya kuhusu neno. Ilidanganya kuhusu wakati.

Tulikutana na kikundi kizima mara moja, chini ya mwembe, kuamua maneno. Majadiliano hayakuwa marefu ila yalikuwa makali. Mmoja alisema wageni hawataki historia, wanataka jina na maana yake, basi. Mwingine akasema tukiacha maana ya “shamba” watalii wanaojua Kiswahili watatuona hatujui lugha. Nilikubali kwamba neno konde litajwe, ila lisipewe ubaba wa jina. Kuhusu ardhi yenye rutuba hatukuafikiana, na tukaiacha nje ya ubao, maana ubao una nafasi ya maneno kama sitini tu. Jina la Shimo la Mungu halikuleta ubishi. Kila aliyesimama pale na kuchungulia anajua kwa nini.

Rasimu niliyowapa ilisomeka hivi: “Umesimama ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Mvua ya hapa huzama mchangani na kutokea kama chemchemi chini ya mteremko. Wazee walikuta mwitu mzito, wakaukata kulima, wakauacha urudi, wakaukata tena. Konde kwa Kiswahili ni shamba, lakini nchi ndiyo iliyoitwa Makonde, na watu wake wakaitwa Wamakonde. Ng'ambo ni mto Ruvuma, na baada yake Msumbiji.”

Kijana wangu aliisoma mara mbili, akasema ni nzuri, lakini nilimjua. Ni uso uleule aliokuwa nao darasani nilipochora ubaoni jangwa asilowahi kuliona. Mwitu mzito kwake lilikuwa neno.

Bibi naye alimjua. Jumamosi iliyofuata alituita sote wawili nyumbani, akatupeleka nyuma ya shamba lake, mahali ambapo mikorosho mitatu ilikufa miaka mingi iliyopita, na yeye, kwa kukosa nguvu za kufyeka, akapaacha. Paliposimama mikorosho ile sasa palikuwa pamefungika toka chini hadi juu, kijani kizito, hakuna mwanya wa kupitisha mkono. Akampa mjukuu wake panga.

“Ingia. Katikati kuna kisiki cha mkorosho wa babu yako. Kiguse urudi.”

Aliingia akiwa anacheka. Baada ya hatua nne hatukumwona tena, tukawa tunasikia panga na pumzi. Bibi akakaa juu ya gogo, akamenya muwa, akanigawia nusu. Tulikuwa tumeumaliza alipotoka, shati limechanika begani, mikono imekwaruzwa, majani yamemjaa nywele. Kisiki hakukifikia.

Aliomba maji akanywa, kisha akatoa ile karatasi mfukoni na kuniomba kalamu.